Maisha ya Padri Angelo Secchi, Mchunguzi wa Jua

Siku chache kabla ya kupanda maharagi, mama mmoja wa darasa la wakatekumeni hapa Burungu alinijia baada ya mafundisho, jembe lake likiwa begani. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mwanawe anayekaa mjini Goma amepokea habari katika simu yake. Habari hiyo ilisema kwamba jua limeanza kutapika moto, na kwamba kabla ya mwaka kwisha moto huo utaifikia dunia na kuiteketeza, na baadaye yatakuwa siku tatu za giza. Yule mama hakuja kutaka maelezo ya elimu. Alikuwa na chungu kimoja cha mbegu nyumbani, na watoto watano. Ikiwa dunia itateketea, ya nini kuzika chakula ardhini? Afadhali watoto wale washibe. Basi aliniuliza apande au apike.

Sikucheka, wala haifai kucheka mtu aulizapo neno la namna hiyo. Nilimwambia aketi, nikamsimulia habari za padri mmoja aliyelitazama jua kwa muda wa miaka karibu 30, akajua habari zake kupita watu wengi wa zamani zake. Habari hizo nazileta sasa kwenu, pamoja na mambo waliyoyavumbua wataalamu waliomfuata.

Angelo Secchi alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Reggio Emilia, nchi ya Italia. Baba yake, Antonio, alikuwa seremala. Mama yake alikuwa mtu wa kazi, asiyependa kuona mikono ya mtoto imelala; akataka mwanawe afundishwe hata kushona na kufuma. Pengine majirani walishangaa kuona mtoto wa kiume akishika sindano. Lakini miaka ya baadaye, Padri Secchi alipokuwa akitengeneza vyombo vyake vya kupimia, mikono yake haikuwa migeni kwa kazi.

Alisoma kwa Mapadri Wajesuiti katika mji wake, na mwaka 1833 akaingia katika shirika lao huko Roma, naye angali kijana mdogo. Wakubwa wake waliona upesi kwamba ana akili ya hesabu na ya elimu ya viumbe, wakamweka kufundisha, kwanza Roma, kisha katika chuo cha Loreto. Mwaka 1847 alipewa daraja takatifu ya upadri.

Hakukaa kwa amani. Mwaka 1848 fitina na mapinduzi vilienea katika nchi nyingi za Ulaya, na Wajesuiti wakafukuzwa Roma. Padri Secchi alikimbilia Uingereza, na kutoka huko akapanda meli pamoja na wenzake kadhaa, wakavuka bahari mpaka Marekani. Akafundisha katika chuo cha Georgetown, karibu na mji wa Washington. Sisi wa Masisi hatuhitaji kuelezwa maana ya kufunga mzigo usiku na kuacha nyumba. Huyu naye aliijua njia hiyo, tena katika ugeni wake hakuacha kujifunza. Huko Marekani alifahamiana na wataalamu wa bahari na wa nyota, akazoea vyombo vikubwa vya kutazamia mbingu.

Mwaka ule ule wa 1848 Padri Francesco De Vico, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota ya Collegio Romano, yaani Chuo cha Wajesuiti cha Roma, alifariki katika mji wa London, naye pia akiwa mkimbizi. Mapadri waliporuhusiwa kurudi, Padri Secchi aliitwa kushika mahali pake. Alirudi Roma mwisho wa mwaka 1849, umri wake miaka 31.

Hapa kuna jambo ambalo mimi napenda kulieleza polepole, kwa sababu lanifurahisha. Darubini kubwa haiwezi kukaa juu ya nyumba dhaifu. Mtu akitembea sakafuni, au gari likipita njiani, darubini hutetemeka, na nyota hucheza machoni kama samaki majini. Nyumba ya zamani ya chuo haikuwa imara ya kutosha. Lakini kando ya chuo lilisimama kanisa la Mtakatifu Inyasi. Waliolijenga miaka 200 nyuma walikusudia kuweka juu yake kuba kubwa sana, wakajenga nguzo nene za mawe za kulibeba. Kuba lenyewe halikujengwa kamwe. Mjesuiti mmoja mchoraji, Ndugu Andrea Pozzo, alichora kuba la uongo kwenye kitambaa, nalo mpaka leo huwadanganya wageni wanaoingia na kutazama juu. Hivyo zile nguzo zilikaa bure, hazina mzigo. Padri Secchi aliziona, akajua kwamba amepata mahali pake. Akajenga nyumba yake ya nyota juu ya dari la kanisa, darubini ikiegemea mawe yaliyowekwa kwa ajili ya kitu kingine. Chini waamini walisali, juu padri alihesabu madoa ya jua.

Lakini jua halitazamwi kwa macho matupu, sembuse kwa darubini! Anayefanya hivyo hupofuka, na upofu huo hauna dawa. Wachunguzi wa jua huacha mwanga upite katika darubini na kuanguka juu ya karatasi nyeupe. Basi huitazama karatasi, wala hawalitazami jua. Wengi wenu mwakumbuka Jumapili ile ya tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipofunikwa na mwezi alasiri, na giza likapita upande wa kaskazini wa nchi yetu mpaka Uganda na Kenya. Watoto wengi walilikodolea macho. Ikitokea tena, toboeni tundu dogo kwa sindano katika karatasi ngumu, mlipe jua kisogo, mwache mwanga upite tunduni na kuangukia karatasi nyingine. Mtaona jua limeliwa upande mmoja, dogo kama punje, na macho yenu yatabaki salama.

Katika karatasi yake Padri Secchi aliona madoa meusi. Madoa hayo hayakuwa habari mpya. Watu wa darubini waliyajua tangu zamani za Galileo, na Mjerumani Schwabe alikuwa amegundua kwamba huongezeka na kupungua kwa kipindi cha miaka 11 hivi. Kazi ya Padri Secchi ilikuwa kuyachora siku kwa siku, pamoja na nyuzinyuzi zake na michirizi yake, kama fundi anayenakili kazi ya fundi mwingine. Doa moja laweza kuwa kubwa kuliko dunia nzima, maana jua ni kubwa ajabu: ukizipanga dunia 109 mstari mmoja, ndio upana wake. Nalo liko mbali nasi kilometa 150,000,000. Alipima pia joto, akaona kwamba katikati ya uso wa jua hutujia joto jingi kuliko pembeni.

Mwaka 1858 aliweka pia chumba cha sumaku. Dunia yetu yenyewe ni kama sumaku kubwa, ndiyo sababu sindano ya dira huelekea kaskazini. Padri Secchi alitundika sindano kama hizo mahali patulivu, akawa anaandika kila zinaposogea, hata kidogo sana. Mwaka mmoja baadaye zilisogea, wala si kidogo.

Tarehe 1 Septemba 1859, asubuhi, Mwingereza Richard Carrington alikuwa nyumbani kwake akichora madoa ya jua kwenye karatasi. Mara juu ya kundi kubwa la madoa akaona nuru mbili kali, nyeupe, zikimeta kupita jua lenyewe. Alikimbia kumwita mtu aje ashuhudie. Aliporudi, kabla ya dakika kwisha, nuru zilikuwa zimekwisha kufifia. Jambo lote lilichukua dakika tano hivi. Kwa bahati Mwingereza mwingine, Hodgson, aliona vilevile mahali pengine, la sivyo pengine Carrington asingesadikiwa. Ule ulikuwa mlipuko wa jua wa kwanza kuandikwa na watu.

Saa 17 na kitu zilipita. Halafu sindano za sumaku katika nchi nyingi zikaanza kuruka na kutetemeka, na zile za Padri Secchi huko Roma pia. Usiku mbingu zikawa nyekundu. Katika nchi za mbali za kaskazini watu wamezoea kuona mianga ya rangi ikicheza angani, lakini siku zile mianga hiyo ilishuka mpaka visiwa vya Kuba. Katika milima ya Marekani wachimba dhahabu waliamka usiku wa manane, wakaanza kupika chakula cha asubuhi, wakidhani kumekucha. Siku chache kabla, mwisho wa Agosti, kulikuwa na dhoruba nyingine, na mianga ilionekana hata Roma. Sisi tunaokaa karibu na Nyamulagira na Nyiragongo twaujua wekundu wa usiku, lakini wetu hutoka ardhini. Ule ulitoka juu.

Nao waliopata taabu ni akina nani? Ni wafanyakazi wa telegrafu. Wakati ule watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wamekwisha kutandaza nyaya ndefu za kupelekea habari. Umeme usioitwa na mtu ulijaa katika nyaya hizo. Mitambo ilitoa cheche, wafanyakazi wengine walipigwa na umeme, na mahali pengine mtambo ulifanya kazi hali umekwisha kutengwa na betri zake, ukiendeshwa na dhoruba peke yake. Lakini ng'ombe walilala mazizini, ngano ilisimama shambani, na watoto walizaliwa usiku ule kama usiku mwingine. Katika nchi yetu ya Kivu mwaka 1859 hakukuwa na waya hata mmoja. Babu za babu zetu walikaa chini ya dhoruba ile ile, wala hawakuwa na kitu cha kuunguza.

Fikirini sana juu ya jambo hilo, kwa kuwa jibu la yule mama limo humo. Lakini tuendelee kwanza na padri wetu.

Watu wa elimu walikuwa wakibishana juu ya neno moja. Mwezi unapolifunika jua lote, huonekana pembeni ndimi nyekundu, kama miali ya moto inayochungulia nyuma ya chungu. Wengine walisema ni za jua, wengine ni za mwezi, wengine ni udanganyifu wa macho au wa hewa. Tarehe 18 Julai 1860 jua lilikuwa lipatwe katika nchi ya Hispania. Padri Secchi alisafiri na vyombo vya kupigia picha mpaka Desierto de las Palmas, karibu na bahari ya mashariki. Mwingereza Warren De la Rue akaweka vyombo vyake Rivabellosa, upande wa kaskazini, umbali wa zaidi ya kilometa 300. Kila mmoja alipiga picha zake. Walipozilinganisha, ndimi zilikuwa zile zile, mahali pale pale kwenye ukingo wa jua. Basi ubishi ukaisha. Zile ndimi ni za jua lenyewe, hewa yake iwakayo, nazo huruka juu kupita urefu wa dunia mara nyingi.

Kwa hiyo yule kijana wa Goma hakudanganywa katika yote. Ni kweli jua hutapika moto. Uongo ni kusema kwamba limeanza sasa.

Mwaka 1868 ikapatikana njia ya kuziona ndimi hizo kila siku, bila kungoja jua lipatwe. Njia yenyewe ni chombo kiitwacho spektroskopi, ambacho huugawa mwanga katika rangi zake, kama vile matone ya mvua yanavyoufanya upinde wa mvua. Padri Secchi alikipenda sana chombo hicho. Kwa rangi na mistari yake mtaalamu aweza kujua ni vitu gani vinavyowaka katika nyota asiyoweza kuifikia kamwe. Akageuza spektroskopi yake kuelekea nyota za usiku, akazipitia zaidi ya 4,000, akazigawa katika makundi kwa rangi zao: nyeupe, za manjano, nyekundu. Akaona kwamba mwanga wa jua wafanana na mwanga wa zile za manjano. Maana yake ni kwamba jua letu ni nyota, nyota moja kati ya nyingi, ila iko karibu. Leo jambo hilo hufundishwa katika shule za msingi, na mtoto hulipokea bila kushangaa.

Alikuwa na rafiki, Pietro Tacchini, aliyekuwa Palermo, katika kisiwa cha Sisilia. Tacchini alikuwa mtu wa serikali mpya ya Italia, na serikali hiyo na Kanisa walikuwa katika ugomvi mkubwa. Hata hivyo hao wawili walipatana wachore ndimi za jua kila siku, mmoja Roma, mmoja Palermo, kusudi mawingu yakimfunika huyu, yule aone. Mwaka 1871 wakaanzisha chama cha wachunguzi wa mwanga wa jua na nyota. Ugomvi wa wakubwa haukuwazuia kulinganisha michoro.

Msidhani kwamba Padri Secchi hakukosea. Alikosea, tena sana. Alipotaka kukadiria joto la uso wa jua, alisema ni digri 10,000,000. Baadaye alipunguza, lakini bado alikuwa mbali. Leo twajua kwamba uso wa jua una digri 5,500 hivi, na joto la mamilioni liko ndani kabisa, katika kiini chake. Wenzake Wafaransa walimpinga, naye akashikilia lake. Nasimulia hayo kwa sababu baadhi ya wasimulizi wa maisha ya mapadri hupenda kuwafanya watu wasiokuwa na kosa, na msomaji mwerevu hawasadiki.

Sasa turudi kwa yule mama na chungu chake. Je, jua laweza kuitupia dunia moto na kuua walio hai?

Mlipuko wa jua una mambo mawili. Kwanza mwanga mkali, pamoja na mianga isiyoonekana kwa macho, ambao hutufikia baada ya dakika 8 tu. Pili, mara nyingine, wingu kubwa la chembechembe zenye umeme, ambalo husafiri siku moja, mbili au tatu. Lile la Carrington lilikwenda mbio kuliko kawaida. Miali ya moto yenyewe haifiki kwetu hata kidogo. Ikipanda juu sana kutoka jua, bado huwa imebakiza njia ndefu mno isiyoweza kuimaliza. Tena tuna ngao mbili. Sumaku ya dunia huyapotosha mawingu yale, nayo huteleza pembeni kama maji yanavyolipita jiwe mtoni. Sehemu inayoingia huelekea kaskazini na kusini kabisa, ndiyo maana mianga ya rangi huonekana huko. Ngao ya pili ni hewa. Hewa twaidhani ni kitu bure, lakini juu ya kila meta moja ya mraba ya ardhi imesimama hewa yenye uzito wa tani 10. Mianga mibaya ya mlipuko hukutana nayo huko juu, ikamezwa. Ni kana kwamba sisi sote twaishi chini ya ziwa lenye kina cha meta 10.

Tena tunao ushuhuda wa miti. Mti hukua kwa duara, duara moja kila mwaka, na katika kila duara huwekwa alama ya hewa ya mwaka huo. Mwaka 2012 mtaalamu wa Japani, Fusa Miyake, pamoja na wenzake, waliona katika mierezi ya kale alama ya ajabu ya mwaka 774 na 775, na alama hiyo imepatikana baadaye katika miti ya nchi nyingi. Wataalamu wengi husema ni jua lililoipiga dunia kwa dhoruba ya chembechembe yenye nguvu kupita zote zilizopimwa na watu wa siku hizi. Karne ile ya 8 watu walikuwa wakikaa kando ya Ziwa Kisale, huko Katanga, wakifua chuma na kufinyanga vyungu. Makaburi yao yamechimbuliwa na wataalamu. Waliendelea kufua, kufinyanga, na kuzika wazee wao kwa heshima. Hakuna aliyeteketea.

Nisifiche neno. Darubini moja ya Wamarekani iliyorushwa angani mwaka 2009, jina lake Kepler, iliona nyota nyingine za namna ya jua zikitoa milipuko mikubwa kupita ile ya jua letu tuliyoiona. Wataalamu wangali wanajadiliana kama jua letu laweza kufanya vile, na baada ya miaka mingapi. Hata likifanya, hofu yao ni kwamba tabaka la hewa linalotukinga na mianga mibaya, liitwalo ozoni, laweza kupungua kwa miaka kadhaa. Hilo ni jambo zito, lakini si moto wa kuunguza vilima.

Hatari iliyo karibu ni ile ile ya wafanyakazi wa telegrafu, nayo imeongezeka kadiri nyaya zilivyoongezeka. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua iliangusha umeme wa jimbo la Quebec katika nchi ya Kanada. Watu 6,000,000 walikaa gizani saa 9 hivi, katika baridi. Mwezi wa Mei 2024 ikaja nyingine kubwa, mianga ikaonekana mpaka Mexico. Wakulima wakubwa wa Marekani walikuwa wakipanda mahindi siku zile. Trakta zao huongozwa na mitambo inayozunguka angani, na mitambo hiyo ilipopoteza hesabu, trakta zikapoteza mistari, wengine wakasimamisha kazi. Mtu mwenye jembe la mkono hakusimama.

Kwetu hapa, karibu na ikweta, dhoruba hizo hazina nguvu sana katika nyaya kama huko kaskazini. Lakini mwanga wa mlipuko, ule wa dakika 8, huharibu njia ya mawimbi ya redio upande wa mchana, tena zaidi pale jua lilipo utosini. Mwenye kutumia fonia aweza kuita na kuita, asijibiwe, dakika kadhaa au hata saa nzima, naye akadhani chombo kimekufa. Ikiwa siku hiyo anaita apate gari la kumchukua mgonjwa, jambo si dogo. Ndege nazo hutegemea mitambo ya angani, na simu, na fedha zinazotumwa kwa simu. Katika hospitali kubwa za miji umeme ukikatika, walio juu ya meza ya upasuaji wamo hatarini. Kwa njia hiyo jua laweza kweli kuua watu: kwa kuvikata vitu ambavyo sisi wenyewe tumetundika uhai wetu juu yake. Ndiyo sababu mataifa yenye uwezo huweka watu wa kulitazama usiku na mchana, ili wapate kuonya mapema. Mwaka 2006 Wamarekani walirusha vyombo viwili kulitazama jua kutoka pande mbili, na mitambo yake ya kupiga picha ikapewa jina la SECCHI.

Jua lenyewe limekwisha kuwaka miaka 4,600,000,000 hivi, na wataalamu wahesabu kwamba bado lina kuni za miaka 5,000,000,000 hivi. Yule mama aliniomba nirudie hesabu hiyo. Niliirudia. Akauliza kama maharagi huchukua miezi mitatu. Nikasema ndiyo. Akainuka, akashika jembe lake. Alipanda kabla ya Jumapili iliyofuata, isipokuwa kibaba kimoja alichowapikia watoto, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwaahidi.

Miaka ya mwisho ya Padri Secchi ilikuwa ya uchungu. Mwaka 1870 majeshi ya mfalme wa Italia yaliingia Roma. Mwaka 1873 sheria ya kuondoa mashirika ya watawa ikatumika katika mji, na Collegio Romano ikachukuliwa. Wajesuiti wakatolewa. Lakini jina la Padri Secchi lilikuwa limeenea katika nchi zote. Huko Paris mwaka 1867 alikuwa amepata tuzo kuu kwa ajili ya mtambo wake wa kuandika wenyewe upepo, mvua na joto. Serikali iliona aibu kumfukuza. Ikamwacha abaki juu ya dari lake pamoja na wasaidizi wachache, ikamtolea na vyeo, mradi ajiunge na upande wake. Alikataa vyeo, hakuliacha shirika lake wala Baba Mtakatifu, akaendelea kuchora. Kitabu chake kikubwa juu ya jua kilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1870, akakirudia na kukiongeza mpaka mwaka 1877, hali tumbo limekwisha kuanza kumwuma. Papa Pio IX alifariki tarehe 7 Februari 1878. Padri Secchi alimfuata tarehe 26 mwezi ule ule, umri wake miaka 59. Mwaka uliofuata nyumba ya nyota ilitwaliwa na serikali, naye aliyewekwa kuwa mkuu wake ni Tacchini, rafiki yake.

Liko jambo moja nimelisahau, nalo halihusu jua. Mwezi wa Aprili 1865 Padri Secchi alipanda meli ya Baba Mtakatifu, iliyoitwa Immacolata Concezione, akashusha baharini sahani nyeupe zilizofungwa kamba, ili apime mwanga unaingia majini kiasi gani. Unashusha sahani polepole mpaka isionekane, kisha unaipima kamba. Chombo hicho huitwa kwa jina lake mpaka leo, na watafiti wamekishusha mara nyingi katika Ziwa Kivu. Mwenye sahani nyeupe, jiwe la kuizamisha na kamba yenye mafundo aweza kufanya vile vile katika maziwa ya Mokoto, asubuhi isiyo na upepo.